Mungu Hatoi Risiti, Lakini Mhazini Lazima Atoe

SWALI

Ndugu Mshauri, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mhazini wa usharika mmoja wa Kilutheri huku mlimani, Kilimanjaro. Kwa kuwa nina mdomo, ndiye pia ninayeendesha mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka baada ya ibada: mikungu ya ndizi, mayai, maziwa, kuku. Kazi hizi mbili zimenigonganisha na watu watatu, na kila mmoja ana hoja yake.

Wa kwanza ni mama mmoja msharika. Kwenye semina ya neno la Mungu, mhubiri mgeni alihimiza watu "wapande mbegu" kwa ajili ya mahitaji yao. Mama akatoa bahasha ya 500,000, juu yake kaandika "Kazi ya mwanangu". Nyingi ya hela hiyo alikopa kikoba, kile kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Kijana akaenda kwenye usaili, akakosa. Sasa mama kaja ofisini: "Nimelipa, sijahudumiwa. Naomba hela yangu." Mchungaji anasema isirudi hata senti. Wazee wengine wanasema tumrudishie kimyakimya yaishe.

Wa pili ni mwalimu mmoja wa sekondari. Mnadani alimnunua jogoo kwa 25,000, akasema "arudi mnadani", watu wakampigia makofi. Jogoo akanunuliwa tena na mwingine kwa 22,000, naye akamrudisha. Mara ya tatu akaondoka na mtu kwa 15,000, na kwa sasa jogoo huyo hayupo tena duniani. Hao wawili wa mwisho wamelipa. Mwalimu hajalipa. Anasema: "Jogoo sikumchukua, nilimtoa sadaka, na sadaka ni hiari. Unanidai nini?"

Wa tatu ni mzee wa kanisa. Jumapili iliyofuata, nikichangamsha mnada, nilisema: "Washarika, toeni kwa moyo, ila mkumbuke Mungu hana mashine ya EFD. Ukishampa hakuna risiti, na mzigo ukishatoka dukani haurudishwi!" Walicheka mpaka wanakwaya. Mzee akanyanyuka, akatoka, na ameandikia baraza la wazee kwamba nimekufuru, nivuliwe unadi.

Halafu kuna hili dogo. Mlango wa ofisi una karatasi: "Sadaka ya ndoa 80,000. Sadaka ya ubatizo 10,000." Vijana wanatuuliza kama hiyo ni sadaka au ni bei.

Naomba uniweke sawa. Sadaka ni malipo au siyo? Na mtu akifanya utani kanisani, mpaka uko wapi?

Mhazini na Mnadi, Moshi Vijijini

JIBU

Ndugu Mhazini, amina.

Nianze na jogoo, kwa sababu ukishamweka yeye kwenye mstari, mama wa kikoba hatakusumbua sana.

Huyo jogoo alibadilisha mwenyewe kila mara alipotajwa. Aliyemleta ibadani alimtoa kwa Mungu. Hiyo ni sadaka, imekamilika, hadai wala hadaiwi. Kuanzia hapo jogoo ni mali ya usharika, na usharika ukamweka sokoni. Uliposema "mara ya tatu, amekwenda" kwa 25,000, mwalimu akawa mwenye jogoo na mwenye deni kwa pumzi ileile. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania (Sura ya 214) inachukulia minada hivyohivyo: mauzo yanakamilika nyundo inapogonga, au kwa ishara nyingine iliyozoeleka mahali hapo, na mtu anaruhusiwa kuondoa bei yake kabla ya hapo. Baada ya hapo amechelewa.

Aliposema "arudi mnadani", ni kweli alitoa sadaka. Lakini alitoa nini? Alitoa jogoo aliyekuwa wake kwa sababu ya zile 25,000 alizotamka. Akikana kwamba alinunua, basi aliurudishia usharika mali ya usharika, na hapo hata makofi aliyopigiwa tunamdai.

Mfalme Daudi alikutana na jambo hilihili kwenye uwanja wa kupuria wa Arauna (2 Samweli 24). Arauna alimpa vyote bure: uwanja, ng'ombe, na vyombo vya kupuria viwe kuni. Daudi akakataa kumtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu, akalipa shekeli 50 za fedha. Tazama vilikoishia. Fedha zilikwenda kwa Arauna, ng'ombe wakaenda madhabahuni. Zile shekeli 50 hazikuwa sadaka, zilikuwa bei, na Daudi hakumwambia Arauna ahesabu kama amelipwa kwa vile shughuli yenyewe ni ya Bwana. Mwalimu wako anataka ng'ombe ahesabiwe kuwa sadaka na bei vilevile ihesabiwe kuwa sadaka, yaani hakuna anayelipa popote.

Kwa hiyo anadaiwa 25,000, na ni deni la kawaida kama la dukani. Ahadi ya ujenzi ni habari nyingine. Mtu akiahidi mifuko kumi ya saruji bila kupewa chochote na usharika, Sheria ya Mikataba (Sura ya 345) kwa kawaida haimfungi, maana makubaliano yasiyo na malipo ya upande wa pili hayana nguvu mahakamani isipokuwa kwa hali chache. Ahadi hiyo ni yake na Mungu, na Mhubiri 5 imeshamwonya kwamba heri asiyeweka nadhiri kuliko anayeiweka asiitimize. Mkumbusheni, lakini msimwite mdaiwa wala msisome jina lake mbele ya ibada. Wa mnada mna haki ya kumwita mdaiwa. Tafadhali tu msiende naye mahakamani kwa ajili ya jogoo. Paulo aliwasema Wakorintho kwa kushtakiana, na sidhani kama wao walishtakiana kwa sababu ya kuku. Mpeni tarehe ya mwisho kwa maandishi. Ikipita, baraza lifute deni kwa muhtasari uliosainiwa, na mwalimu alipe taslimu kabla ya kutaja bei nyingine.

Lililowaponza ni utaratibu. Kwenye mnada wenye mtindo wa "arudi", fedha ndizo zinazotangulia. Mtu anatamka bei, analipa mezani au anatuma kwa lipa namba ya usharika, karani anasoma ujumbe wa muamala, ndipo jogoo anarudi juu. Atakayesema "nitalipa wiki ijayo" apewe makofi wiki ijayo. Daftari la mnada liwe na namba ya kitu, jina la aliyetoa, kitu chenyewe, jina la mnunuzi, bei, kilicholipwa, kilichobaki na simu yake. Jogoo huyu aandikwe mistari mitatu: 25,000, 22,000 na 15,000, jumla 62,000. Mliyopokea ni 37,000, mnadai 25,000. Kosa ninaloliona mara nyingi ni karani kuandika bei ya mwisho tu, 15,000, kwa kuwa jogoo ni mmoja. Siku ya ukaguzi sandukuni mna hela zaidi ya zilizoandikwa, na zile zisizolipwa hakuna anayezijua. Hela iliyozidi inamtia mhazini mashakani sawa na iliyopungua.

Jingine, na usikasirike. Anayeita bei asishike hela. Mnadani kuwe na watu watatu: mnadi, karani na mpokea fedha. Wewe unafanya kazi mbili kati ya hizo. Mhazini mwingine anaweza kupatikana kwa uchaguzi, ila mnadi mwenye mdomo hapatikani kwa kura, kwa hiyo nakushauri siku ya mnada uachie meza ya fedha. Nani akae pale, nitasema mbele.

Sasa mama.

Mchungaji ana haki kusema sadaka hairudishwi. Wazee wana haki kusema mama huyu hawezi kuachwa hivihivi. Wanakosea wanapodhani mnapaswa kuchagua moja. Mkiandika kwenye vitabu "marejesho ya sadaka 500,000", mmeigeuza sadaka kuwa amana ya benki yenye masharti. Kesho atakuja aliyetoa kwa ajili ya mgonjwa aliyefariki, keshokutwa aliyeombea mvua. Na ninyi mtajikuta mnapima kama Mungu alihudumia au hakuhudumia, kazi ambayo hakuna mhazini aliyeajiriwa kuifanya.

Kabla ya yote fungua daftari la bahasha uone hela hiyo ilikwenda wapi: benki nzima, au sehemu ilitolewa kuwa shukrani ya mhubiri, au mgao wa dayosisi umeshakatwa. Halafu baraza liulize mhubiri alisema nini hasa. "Mtoleeni Mungu mkimwomba" ni mahubiri. "Toa 500,000 na kijana atapata kazi" ni biashara, na muuzaji si Mungu. Kama ni hilo la pili, aliyemwalika ndiye atakayejibu, na fedha aliyopewa mhubiri ina maswali yake. Jambo hilo ni la baraza na ofisi ya jimbo. Usilibebe peke yako.

Katika hali ya kawaida, mpitisheni mama kwenye udiakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wenye shida. Aandike ombi fupi la msaada, na kama kuandika kunamsumbua, mzee wa mtaa wake amsaidie. Kwa ruhusa yake, katibu wa kikoba athibitishe deni lililobaki na tarehe ya rejesho linalofuata. Kamati ya udiakonia ikae, iamue kiasi kwa kutazama shida yake, bila kutazama alichotoa. Msaada ulipwe kwa hati ya malipo yenye saini mbili, na ikiwezekana uende kikoba moja kwa moja kwa jina lake, kwa sababu huko kuna wanawake wengine ambao hela yao imekaa. Na msipitishe 500,000 kamili. Hata kama shida yake imefika hapo, tarakimu hiyo itasomeka mtaani kuwa mmemrudishia. Yapitisheni marejesho mawili au matatu ya kikoba, yaandikwe chini ya udiakonia, yasitangazwe ibadani.

Hela ya kikoba isichanganywe na habari za imani. Kupita madhabahuni hakukufuta deni. Hata kwenye sadaka ya hatia, Walawi 6, mtu aliyemdhulumu mwenzake alirudisha mali yote, akaongeza sehemu ya tano, akamkabidhi mwenyewe, ndipo akaleta kondoo dume kwa Bwana. Mungu hakukubali kondoo awe malipo ya deni la jirani. Mama huyu hakudhulumu mtu, ila mpangilio ni uleule: mwenye chake kwanza. Watangazieni washarika wote kwamba hela ya mkopo, ya ada au ya dawa haitakiwi kwenye bahasha. Mtapoteza kidogo mwezi wa kwanza.

Kuna fedha ambazo mnarudisha bila mjadala, nazo ni za makosa. Mtu katuma mara mbili kwa sababu mtandao uligoma. Mwingine kakusudia 5,000, simu ikaandika 50,000. Hapo hakuna sadaka, kuna hitilafu. Rudisheni kwa namba ileile iliyotuma, si kwa namba ya ndugu yake, mkiambatisha namba ya muamala na saini za watu wawili. Kwa bahasha ni vigumu zaidi, ndiyo maana bahasha zifunguliwe siku hiyohiyo ofisini, kabla ya mnada, na watu watatu wasio ndugu wa damu. Noti zipangwe kwa aina, 10,000 mpaka 1,000, sarafu kando. Kilichoandikwa juu ya bahasha kilinganishwe na kilichomo. Mtakutana na bahasha iliyoandikwa 20,000 yenye noti ya 2,000 peke yake. Mara nyingi ni macho tu na sefuri. Andikeni "imekutwa 2,000" juu ya bahasha palepale, wote watatu msaini, na bahasha zisitupwe mpaka hesabu za mwaka zikaguliwe. Jumatatu fedha zote ziende benki kama zilivyo. Ukianza kulipa fundi kwa noti za kikapu, hutaweza tena kumwonyesha mtu yeyote kwamba Jumapili ilileta ngapi.

Na stakabadhi mpeni anayeitaka. Iandikwe "Imepokelewa sadaka ya shukrani" au "sadaka ya ahadi". Isiandikwe kamwe "malipo ya maombi". Karatasi hiyo inamfunga mhazini kwa usharika. Haimfungi Mungu kwa mtoaji.

Mama mwenyewe aambiwe nini? Kwanza aambiwe na mchungaji, nyumbani kwake, wala si na mhazini dirishani. Pili, asipewe Malaki 3:10 ya juujuu aliyopewa kwenye semina. Ni kweli Mungu anasema pale "mkanijaribu", lakini anasema na taifa zima kuhusu zaka, ili nyumbani mwake mwe na chakula, na baraka zinazotajwa ni za mashamba: madirisha ya mbinguni, mzabibu usiopukutisha, mharibifu anayekemewa. Zaka hiyo iliwalisha Walawi wasio na urithi wa ardhi, na kila mwaka wa tatu mgeni, yatima na mjane (Kumbukumbu la Torati 14). Hakuna mstari unaosema kiasi fulani kinanunua nafasi fulani ya kazi. Paulo anauliza kwenye Warumi 11 ni nani aliyempa Mungu kitu kwanza, ili apate kulipwa. Na Zaburi 50 Mungu mwenyewe anasema angekuwa na njaa asingetuambia, maana ulimwengu ni wake na vyote vilivyomo.

Mchungaji anaweza pia kumsomea habari za Yakobo pale Betheli. Yakobo ndiye mfanyabiashara mkali kuliko wote katika Biblia: akasema Mungu akimlinda safarini, akampa chakula na nguo, akamrudisha kwao kwa amani, basi atatoa fungu la kumi. Malipo baada ya kazi. Lakini rudini mistari mitano nyuma, Mwanzo 28:15. Mungu alikuwa ameshamwahidi kumlinda na kumrudisha kabla Yakobo hajafungua mdomo. Alikuwa anapatana bei ya kitu alichokwisha kupewa.

Ninyi Walutheri hili mnalo kwenye damu, au mngepaswa kuwa nalo. Kila tarehe 31 Oktoba mnakumbuka mwaka 1517 na hoja 95 za Martin Luther, na kisa chake kilikuwa hikihiki: vyeti vya msamaha vilivyohubiriwa kama bidhaa. Hoja ya 27 inawapinga waliofundisha kwamba sarafu ikilia sandukuni roho inatoka toharani, na ya 28 inajibu kwamba kinachoweza kuongezeka kwa hakika sarafu ikilia ni tamaa ya fedha. Mhubiri wenu mgeni angesomewa hizo mbili kabla ya kupewa kipaza sauti.

Karatasi ya mlangoni ing'oeni leo. Kiasi kikishapangwa, na ndoa isifungwe bila hicho, hiyo ni ada, hata mkiiandika kwa wino wa dhahabu. Ada si dhambi. Umeme unatumika, ukumbi unafagiliwa, fundi mitambo analipwa, vyeti vinagharimu. Basi andikeni hivyo: "Mchango wa gharama za ndoa", na chini yake kila kipengele na kiasi chake, zile 80,000 zionekane zinakokwenda. Mkishindwa kuzifafanua, zipunguzeni. Malizieni na mstari mmoja: asiye na uwezo amwone mchungaji, na huduma haitazuiwa. Sadaka ya siku hiyo ni ile watakayoweka kikapuni, kiasi chochote. Ubatizo mimi nisingeuwekea kiasi kabisa. Majirani zenu Wakatoliki wamelipigania hili kwa karne nyingi na wameliandika kwenye Sheria ya Kanisa. Kanuni ya 848 inamkataza mhudumu kudai zaidi ya kilichowekwa na mamlaka, na inataka mhitaji asinyimwe sakramenti kwa umaskini. Kwa nia za misa, yaani misa inayosomwa kwa ombi la mtu aliyetoa sadaka, kanuni ya 947 inataka hata sura ya biashara isionekane, na kwa ya 951 padri anayeadhimisha misa zaidi ya moja kwa siku anabaki na sadaka ya nia moja tu, isipokuwa Noeli. Mtu hatungi kanuni kali namna hiyo mpaka awe ameshaona watu wakifungua duka. Na ukumbi mnaoukodisha kwa harusi za watu wa nje ni biashara. Huko risiti ya EFD si utani tena, nendeni ofisi ya mamlaka ya mapato, TRA, mkaulize.

Tumefika kwenye huo utani wako.

Kufuru siioni. Maandiko yenyewe yana kejeli kali kuliko yako juu ya watu wanaofanya biashara na mbingu. Malaki 1 Mungu anawaambia waliomletea wanyama vipofu na vilema: haya, kampelekee liwali wako, tuone kama atakuwa radhi. Eliya pale Karmeli aliwaambia manabii wa Baali wapaze sauti, labda mungu wao ana shughuli, au yuko safarini, au amelala. Luther, kwenye hoja ya 86, anarudia swali la waumini wa kawaida: kwa nini Papa, mwenye mali kuliko tajiri Crassus, asijenge kanisa la Mtakatifu Petro kwa hela yake badala ya kutumia za waumini maskini? Na Waswahili tulisema zamani kwamba Mungu si Athumani, na hatujaitwa mbele ya baraza lolote.

Lakini angalia ulisema lini, na nani alikuwa ameketi pale. Mama amekuja ofisini akidai hela yake, na mlimani habari haikai wiki. Jumapili inayofuata mhazini anasimama na kusema mzigo ukishatoka dukani haurudishwi. Kila aliyecheka alijua anayechekwa. Mungu hakuguswa na maneno yale. Mama aliguswa, tena na mtu anayeshika daftari lenye jina lake. Naamini mzee aliona hivyo akakosa jina la kuliita, akaliita kufuru.

Kipimo changu ni hicho: nani analipa gharama ya kicheko. Akiwa ni mjanja anayetaka kumpunja Mungu, endelea. Kuna kisa cha zamani cha mtu aliyepotelewa na ngamia akaapa kwamba akimpata atamuuza kwa dirhamu moja. Akampata, roho ikamuuma, akamfunga paka shingoni na kutangaza: ngamia dirhamu moja, paka dirhamu mia nne, na hawauzwi mbalimbali. Kisimulie, mwalimu wako akiwepo atacheka mwenyewe na huenda akalipa. Vitu vya mnadani navyo vina utani wa bure. Trei ya mayai 30: "Vipande 30 ni bei ya Yuda, nani anapandisha?" Jogoo: "Huyu akiwika mara ya pili, kila mtu ajiulize alimkana nani wiki hii." Usimguse mgonjwa, mjane, mwenye deni, wala kiasi alichotoa mtu. Aliyetoa yai moja asitaniwe hata na rafiki yake. Na ibada na mnada vitenganishwe: baraka itolewe kwanza, watu watoke nje, mnada uendeshwe uani. Wakati wa kuombea sadaka mnadi anafunga mdomo kama washarika wengine.

Nenda kwa mama kabla ya kikao cha baraza, usiende na kuku wala bahasha, mwombe radhi kwa kauli ile bila kumweleza kwamba ulikuwa unatania. Ukitoka hapo nenda kwa mzee. Usimletee Eliya wala Luther, hiyo ni mistari yako ya kujitetea kikaoni kama itabidi. Mwambie umeshafika kwa mama. Kisha mwombe yeye ndiye akae kwenye meza ya kupokea fedha za mnada kuanzia Jumapili ijayo. Ana macho makali, watu wanamheshimu, hakuna mwalimu atakayemwambia "nitalipa wiki ijayo", na akiwa mita mbili kutoka kwako atausikia kila utani kabla haujafika kwa wanakwaya.